Nafasi Iliyoachwa Mwishoni mwa Nyimbo za Mjomba

Kwa miaka kadhaa nimejulikana, miongoni mwa watu wachache wanaosoma makala za aina hiyo, kuwa mtaalamu wa ukimya. Sifa hiyo niliipata kwa makala moja tu, niliyoiandika kuhusu nyimbo za ngoma alizotunga mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa mkulima wa korosho na mwalimu wa kwaya kule Mkunya, Newala.

Nyimbo zake zote, ziwe za harusi, za mavuno au za kumsema jirani mvivu, ziliisha kwa namna moja. Waimbaji walinyamaza, ngoma zikashuka moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja, na mjomba akaingia peke yake. Alitaja jina lake: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, nimesema. Kisha akina mama wakamjibu kwa pamoja na wimbo ukafungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Alipokufa, kikundi kiliendelea kupiga nyimbo zake, ila kikifika pale hakuna aliyeimba. Ngoma ile moja ilizunguka mara tatu, watu wote kimya, halafu wimbo ukakatika.

Mimi niliusikia ukimya huo kwenye simu, dada yangu aliponirekodia harusi moja ya huko. Niliusikiliza nikiwa ofisini chuoni, mlango umefungwa, nikaona nimegundua kitu. Makala yangu ilieleza kwamba kikundi cha wakulima kilikuwa kimebuni, bila kupita shule yoyote ya muziki, mbinu ya kuufanya utupu uwe kiitikio. Nilichora na mchoro wa mapigo. Niliisoma kwenye mkutano, watu wakapiga makofi, na profesa mmoja mstaafu akanishika mkono na kuniambia nimemfungua macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumuuliza mpiga ngoma.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale alinipigia simu. Kamati ilikuwa imeamua kufanya jioni ya nyimbo za mjomba, kwenye uwanja wa shule. Wangeanza saa tisa alasiri na kumaliza jua linapozama, kwa sababu wengine wangetoka Masasi na hata Lupaso, na baridi ya Newala mwezi huo haina adabu. Aliniomba niseme machache. Mtu wa chuo akiombwa aseme machache huandika kurasa kumi na moja, nami niliandika kurasa kumi na moja. Jioni ileile dada naye akapiga, akaniambia nije siku moja kabla, mama anataka kuniona. Nilimuuliza mama anaumwa nini. Akasema njoo.

Asubuhi ya Ijumaa nilishuka Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, maduka yakiwa yamepanga mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho mpaka barazani. Nikapata gari la kupanda Newala. Kufika juu, upepo ulinipokea kama mtu niliyekuwa na deni naye, nikavaa koti nililolibeba kwa ajili ya kusomea mada. Bodaboda alinifikisha nyumbani saa nane. Alinilipisha bei ya mgeni, nami sikubisha, kwa kuwa nilijitazama viatu nikaona ana haki.

Mama alikuwa amekaa uani juani, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, ameifunika kwa kitenge. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniita baba kama anavyoniita siku zote, akauliza watoto. Nilimuuliza hali yake. Akasema hajambo.

Lazima niseme kwamba mama yangu hajawahi kunijibu vingine. Mwaka juzi alilazwa hospitali wiki mbili, na kila nilipompigia aliniambia yuko hapo kumsalimia mgonjwa. Watoto wanaambiwa hajambo. Hiyo ni heshima yake, nami kwa uvivu niliichukua kuwa ndiyo taarifa. Siku ile upepo ulifunua kitenge, nikaiona miguu. Ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Akakirudisha kitenge taratibu na kuniuliza kama nimekula.

Tulikula ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ya kuchemsha, tukazungumza habari za mikorosho na za kanisa. Nilimweleza kuhusu mada yangu, kwa kifupi, nikiruka maneno magumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, akitazama si mimi bali mashina ya muhogo yaliyolazwa pembeni:

"Mimi sitaki kufa sina kaka."

Nikamwambia asiseme mambo ya kufa. Akasema sawa, baba, akaniomba nimsogezee maji.

Dada yangu ndiye aliyenifuata nyuma ya nyumba, nilikokwenda kujifanya natafuta mtandao. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na ndiye anayeishi na mama. Aliniuliza kama nimesikia nilichoambiwa. Nikasema nimesikia, mzee ana huzuni, ni kawaida ya umri. Alinitazama kwa macho yale aliyonitazama nayo utotoni nilipoliacha zizi la mbuzi wazi.

Inabidi nieleze, kwa msomaji asiye wa kwetu. Kwetu mtu hufuata upande wa mama, na jina la marehemu halizikwi naye. Siku ya kumaliza msiba, mtoto wa dada yake hulichukua. Tangu siku hiyo yeye ndiye yule aliyekufa: wapwa humwita mjomba, na dada wa marehemu humwita kaka, hata kama ndiye aliyemzaa. Si jina la kupamba. Kaka ndiye anayesimama badala ya dada yake. Akigombana na watu, yeye ndiye anayekwenda kusema. Akiumwa, yeye ndiye anayeambiwa. Na siku akifa, ndiye anayeinuka mbele ya waombolezaji na kutamka kwamba huyu ni wetu, tunamzika sisi, na mahali pake ni hapa. Mwanamke asiye na kaka huzikwa pia, tena vizuri tu, lakini huzikwa na kamati.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayafundisha. Nilikuwa nachora ubaoni pembetatu za wanaume na duara za wanawake, na mshale unaotoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniuliza kama na mimi nimerithi jina la mtu. Nilimwambia turudi kwenye mada.

Mjomba alikufa miaka kumi na saba iliyopita. Mazishi nilihudhuria. Siku ya kumaliza msiba ilipofika nilikuwa natetea tasnifu wiki hiyohiyo, nikatuma barua ya kurasa mbili, yenye maneno mazuri sana, nikiomba radhi. Niliamini wamempa mtu mwingine. Sikuuliza. Ningeuliza ningekumbushwa kwamba mama alikuwa na kaka mmoja, na alizaa mtoto wa kiume mmoja.

"Walikungoja mpaka jioni," dada akasema. "Kitambaa cha kukufunga kiko kwenye sanduku la mama mpaka leo. Na ule ukimya uliouandikia makala ni wewe. Pale palikuwa pa kutaja jina, na mwenye jina hayupo. Nani aimbe?"

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, alipokuwa akinitumia zile sauti. Akasema alinitumia ili nione aibu. Hakujua ningepigiwa makofi.

Usiku ule sikuifungua mada. Nilifikiri niliyokuwa nayakwepa, na sikuyaona kuwa makubwa, ila yalikuwa mengi. Ningeitwa kwenye kila msiba na kila posa. Ningetakiwa kukata maneno kwa lugha ambayo sasa naisikia vizuri kuliko ninavyoisema. Na ningepaswa kuimba, mimi ambaye kanisani husogeza midomo tu. Nilimwambia dada asubuhi kwamba tungoje jioni ya mwalimu ipite, tukae kikao, tupange vizuri siku ya kulichukua jina, labda mwezi wa kumi na mbili. Akaendelea kumfunga mama bandeji miguuni. Mama alikuwa amekwisha kuvaa nguo yake nyeupe ya kanisani, saa mbili asubuhi, kwa shughuli ya saa tisa.

Tulimpeleka uwanjani kwa bajaji, na kigoda chake. Moto wa majani makavu ulikuwa umewashwa pembeni na ngoma zimeuzunguka, zikikazwa ngozi. Wazee walizigeuza geuza wakizigonga kwa kidole, vikiwemo vile vinganga, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini. Mpigaji mkuu alikuwa rafiki wa mjomba tangu ujana wao, mkulima, Mwislamu, mtani wa ukoo wetu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, shereheni na msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua macho kwenye moto.

"Nilisikia unakuja na karatasi," akasema. "Zisogeze hapa. Majani yanatuishia."

Waliokuwa karibu walicheka. Nikacheka na mimi, nikazishika kwa nguvu zaidi.

Nyimbo zilianza. Kulikuwa na wimbo wa bibi harusi aliyekataa kucheka, na ule wa mtu aliyepulizia salfa mikorosho ya jirani akidhani ni yake. Akina mama wa kikundi walicheza kwa mstari, viuno vimefungwa khanga, na watu wa Lupaso wakaingia kati kana kwamba hawakuwa wageni. Nilikuwa nimezisikia nyimbo hizo mara nyingi mno kwenye spika za masikioni. Sikuwa nimewahi kuwaona watu wakifika pale mwisho. Ngoma zilishuka, ikabaki moja. Wachezaji walisimama, wakainamisha vichwa. Mpigaji akazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyekohoa. Katika wimbo wa kwanza nilidhani ni mimi ninayejishuku. Katika wimbo wa tatu niliona kwamba katika ile mizunguko mitatu watu wengi hawakuwa wakitazama chini hata kidogo. Walikuwa wakinitazama mimi. Mama pekee ndiye aliyekuwa ametazama mbele, kwenye ngoma, kama mtu anayesubiri gari ambalo amekwisha kuambiwa limeharibika njiani.

Kisha mwalimu mkuu akanikaribisha. Alisoma vyeo vyangu vyote, kimojawapo mara mbili. Nilisimama, nikashukuru, nikaanza. Ukurasa wa kwanza ulipita. Ukurasa wa pili ulikuwa na mzaha niliouandaa, ukapita bila mtu kuuona. Ukurasa wa tatu ulianza na neno utupu. Nililitamka, na yule mzee akagonga ngoma mara moja, pigo zito, nikanyamaza.

"Mpwa wa marehemu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hapo unapopaita utupu, mimi nimekuwa nikipiga peke yangu miaka kumi na saba. Mkono umechoka."

Watu walicheka, kwa kuwa ni mtani. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, mstari kwa mstari, mpaka nyuma walikokuwa wamesimama. Nilikuwa nimebaki na kurasa nane. Nilizikunja katikati, nikazikunja tena, nikazitia mfukoni mwa koti. Sikuwa na ujasiri wowote, ieleweke. Ilikuwa tu kwamba sentensi iliyofuata niliitazama nikaona siwezi kuisoma mbele ya mtu ambaye mkono wake umechoka.

Mwalimu mkuu alitaka kunisaidia, akatangaza wimbo wa mwisho.

Ulikuwa wimbo wa maji. Zamani huku juu hakukuwa na maji, na wanawake walishuka mabondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, wakipanda kwa mikono na miguu, mitungi kichwani. Mjomba aliutunga alipokuwa kijana, siku moja mama yangu, ambaye bado alikuwa msichana, alipochelewa kurudi. Maneno yake si mengi. Mpiga ngoma anauliza nani amemwona mwenye mtungi mwekundu, wanawake wanajibu tulimwacha chini akipumzika. Mwishoni mjomba alikuwa akiimba: mimi ni fulani, niko huku juu, panda taratibu. Na wanawake: tumekusikia, tunapanda.

Jina lenyewe silitaji hapa. Lina kazi yake, na kazi hiyo haifanyiki kwenye karatasi.

Ngoma zikashuka, ikabaki moja. Dada yangu, ambaye sikumwona akija, alinifunga begani kitambaa cheupe kilichonuka sanduku, akaondoka. Mzunguko wa kwanza nilihesabu. Kwenye mchoro wangu mwimbaji angeingia pigo la nne, nami nilifika pigo la nne, la tano, la sita, nikihesabu vizuri sana. Mzunguko wa pili nilifungua mdomo na upepo ukaingia. Mzee hakunipa ishara. Alipiga vilevile, wala hakukaza wala hakulegeza, kama alivyopiga kwa miaka yote ile. Nilijua akimaliza wa tatu atakata, kwa kuwa ndivyo wimbo ulivyokuwa siku hizi, na kwamba mwezi wa kumi na mbili niliokuwa nimeutaja asubuhi unaweza usimkute mama.

Nilimtazama. Alikuwa amekitoa kitenge, ameshusha miguu yake kutoka kwenye kigoda na kuikanyaga ardhi.

Nikaimba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesoma majina ya waliofeli, na nilianza chini mno, nikalazimika kupanda katikati ya neno. Lakini nilisema mimi ni, na baada ya mimi ni nikalitaja jina la mjomba, na halikunikwama. Niko huku juu, nikasema. Panda taratibu.

Jibu halikuja mara moja. Wasichana wa kikundi walitazamana. Hawakulijua, walijifunza nyimbo hizi baada ya mjomba kufa, na hakuna aliyewafundisha sehemu ambayo haikuwa na wa kuijibu. Waliojibu walikuwa akina mama wanne au watano, wazee, wawili kati yao wakiwa wamekaa. Sauti zao zilikuwa nyembamba, na moja ilianza wakati nyingine inamaliza. Tumekusikia, tunapanda. Mzee akaleta mkono wa pili juu ya ngoma, zile nyingine zikamfuata, na wimbo ukafungwa mahali ulipotakiwa kufungwa.

Sheikh alikuwa amepangiwa dua, na padri sala ya kufunga. Wote wawili walifupisha. Mwalimu mkuu alisahau neno la shukrani. Watu walianza kunijia mmoja mmoja, na wale walionifahamu tangu mtoto walinipa mkono kwa namna nyingine, wakishika kiwiko. Mtani alipita na ngoma yake begani, akaniambia kwamba nimeimba vibaya kuliko marehemu, na marehemu naye hakuwa na sauti, basi tuko kwenye ukoo uleule.

Kisha nikaona watu wanaachia njia. Mama alikuwa anakuja kwa miguu, dada akimshika mkono mmoja. Niliharakisha nimfuate, asitembee. Dada akatikisa kichwa, nikasimama.

Alifika mbele yangu. Aliuachia mkono wa dada, akapinda magoti kidogo, kadiri miguu ile ilivyomruhusu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Nimefundisha jambo hilo kwa miaka, kwa chaki ya rangi mbili. Huyu ni mama yangu. Mimi ndiye niliyemwamkia jana yake, na kila siku tangu nijue kusema. Kila kitu nilichofunzwa kuhusu adabu kilinikataza kulitoa neno aliloningojea. Ukimya ule haukuwa na mizunguko wala mapigo, na sidhani kama nitauandikia. Magoti yake yalikuwa yameanza kutetemeka.

"Marahaba," nikasema.

Akainuka. Aliuvuta mkono wangu, akauegemea, uzito wote, kama asivyowahi kuniegemea. Tuliondoka polepole kuelekea bajaji, jua likiwa limebaki juu ya mikorosho tu. Nilimwuliza hali yake.

"Siyo nzuri, kaka," akasema. "Miguu inaniuma. Nikilala napungukiwa pumzi, naamka naogopa."

Nikamwuliza tangu lini, naye akaanza kunieleza.